Mvulana wa Turkana: Dogo ambaye umri wake ulisomwa kwenye gego

Hebu pitisha ulimi nyuma kabisa ya meno yako. Kama umeshatimiza miaka 13, kuna uwezekano mkubwa utakuta magego mawili makubwa kila upande, juu na chini. La kwanza liliota ukiwa na miaka sita hivi, wakati ule unaanza shule. La pili lilikuja ukikaribia miaka 12, tena kimya kimya, maana hakuna jino la utotoni linalong'oka ili kulipisha. Pengine hata mamako hakujua.

Gego hilo la pili ndilo limetusaidia kujua maisha ya mmoja wa Wakenya wa kale wanaojulikana zaidi duniani. Jina lake halisi hatulijui. Dunia inamwita Mvulana wa Turkana.

Aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, magharibi mwa Ziwa Turkana. Alikuwa wa jamii ya kale inayoitwa Homo erectus, iliyotangulia watu kama mimi na wewe. Usimfikirie kama nyani, la hasha. Alitembea wima, miguu mirefu, urefu wake karibu sentimita 160. Ungemwona kwa mbali ungedhani ni kijana wa sekondari anarudi nyumbani. Ungemkaribia tu ndipo ungeona paji la uso lililolala na nyusi zenye mfupa uliotokeza. Ubongo wake ulikuwa kama theluthi mbili ya wako.

Kisha akafa, angali mtoto. Hakuna alama ya meno ya simba wala fisi kwenye mifupa yake. Lakini taya ya chini ina jambo. Gego moja la utotoni lilikuwa limeng'oka, na mfupa wa pale una dalili za ugonjwa wa fizi. Baadhi ya wataalamu wanaona huenda usaha ulianzia hapo, ukaingia kwenye damu na kummaliza. Hakuna awezaye kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, ila jambo hilo linawezekana kabisa. Kabla ya kuwepo dawa za kuua bakteria, jino bovu lilizika watu wengi. Mwili wake ulilala kwenye kinamasi, wanyama wakubwa wakapita juu yake, matope yakamfunika.

Alikaa humo hadi Agosti 1984. Kamoya Kimeu, Mkamba mwenye macho makali kuliko wasomi wengi wa mabara, alikuwa akitembea kando ya mto Nariokotome alipoona kipande kidogo cha fuvu kinachofanana rangi na mawe yaliyokizunguka. Kundi lililoongozwa na Richard Leakey na Alan Walker likachimba kwa misimu kadhaa. Ikapatikana sehemu kubwa ya mifupa ya mtu mmoja, jambo la nadra mno kwa mabaki ya umri huo.

Hapo likazuka swali: huyu dogo alikufa na miaka mingapi? Kwa urefu, ungesema 15. Wakaangalia meno. Magego ya pili yalikuwa yameota, ila meno ya mwisho, yale tunayoita ya akili, bado. Kwa mtoto wa leo hiyo ni miaka 11 au 12.

Lakini jino lina kalenda yake. Linapojengwa, ganda lake gumu huwekwa safu baada ya safu, na kila siku huacha mstari mwembamba unaoonekana kwa darubini tu, kama vile mti unavyohesabu miaka kwa pete za shina. Watafiti, akiwemo Christopher Dean wa London, walipoisoma mistari hiyo walipata jibu la kushangaza: mvulana huyu alikuwa na miaka kama minane tu.

Yaani walikua haraka. Sokwe huota gego la pili akiwa na miaka sita na ushei, sisi 12. Yeye alikuwa katikati. Utoto mrefu, ule wa kulishwa, kufundishwa na kuchelewa kuwa mtu mzima, ulikuja baadaye. Gego lako linalochelewa ni ushahidi wake.

Sasa tuje kwako, uliye Nkubu au mtaa wowote ule. Gego la pili liko mbali, mswaki haufiki vizuri, na juu lina mifereji inayoshika chakula. Wengi Meru na Embu wanatafuna miraa au muguka kwa peremende na soda. Sukari ile hukaa hapo kwa masaa. Wakati mwingine jino hukwama, au fizi hulifunika kipande na kuvimba.

Yote hayo yana tiba. Likiwa zima, daktari anaweza kuifunika mifereji yake kabla halijaoza. Likitoboka kidogo, linazibwa. Uozo ukifika kwenye mshipa, mzizi unatibiwa na jino linabaki. Kung'oa ndiyo hatua ya mwisho, si ya kwanza. Uliza pale Hospitali ya Consolata au hospitali ya rufaa mjini Meru, mapema, kabla hujaanza kulala na shavu limevimba ukimeza tembe za duka. Na ukivimba pamoja na homa, au ukashindwa kufungua mdomo ama kumeza, hiyo si ya kungoja kesho.

Mifupa ya dogo yule imehifadhiwa katika Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Mwili wake ulikuwa na nguvu za kutembea nyika nzima. Kilichokosekana, kama kweli ni jino lililomuua, ni mtu wa kumtibu. Wewe unaye.