Kitili Mwendwa na Chekeche la Mitihani

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari. Hata hivyo, katika Kenya ya wakoloni bahari hiyo ilizungushiwa ua, na mlango wake ulikuwa mwembamba mno. Mlango huo ulikuwa mtihani. Miongoni mwa wana wachache wa Ukambani walioupita mlango huo mara baada ya mara ni Maluki Kitili Mwendwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Maisha yake yanastahili kudurusiwa, si kwa ajili ya vyeo alivyovipata tu, bali kwa kuwa yanaonyesha nguvu za mtihani na mahali nguvu hizo zinapokomea.

Kitili alizaliwa mwaka 1929 katika wilaya ya Kitui, akiwa mwana wa chifu mkuu Mwendwa Kitavi. Baba huyo alitambua mapema kwamba enzi ya mkuki na mifugo ilikuwa ikitoweka, na kwamba kalamu ndiyo ingekuwa silaha ya enzi mpya. Aliwapeleka wanawe shuleni wakati ambapo wazee wengi waliiona shule kama wizi wa wachungaji. Matokeo yake yalionekana baadaye. Eliud Ngala Mwendwa, nduguye Kitili, aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri la Kenya huru akiwa Waziri wa Kazi. Ndugu mwingine, Kyale Mwendwa, alipata sifa katika elimu kabla ya kuwa mbunge.

Ni haki kukiri kwamba mwana wa chifu hakuanza safari mahali pamoja na wenzake. Katika Kitui ya miaka hiyo, na vilevile katika Mbooni, Kilungu na Nzaui, sehemu za wilaya ya Machakos ambazo sasa zimo katika Makueni, mtoto wa kawaida alikuwa mchungaji kwanza na mwanafunzi baadaye. Mvua ikikosekana, maji yalifukuliwa mchangani katika mito iliyokauka, mbuzi wa karo aliuzwa ili kununua chakula, na jina la mtoto likatoweka katika daftari la mahudhurio. Kwa watoto kama hao chekeche lilianza kazi yake kabla ya karatasi ya mtihani kugawiwa. Waliobaki darasani walikabiliwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao uliwaacha wengi nyuma.

Kitili alisoma Matinyani, kisha katika shule ya serikali mjini Kitui, na kutoka hapo akafaulu kuingia shule ya upili ya Alliance iliyoko Kikuyu. Shule hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilichagua wavulana wachache tu kutoka pembe zote za Kenya. Tangu mwaka 1940 iliongozwa na Carey Francis, mwanahisabati aliyeacha kufundisha Cambridge akaja kufundisha Waafrika, na ambaye hakuvumilia uzembe hata kidogo. Mvulana wa Kitui aliketi hapo pamoja na wenzake kutoka Nyanza, Kati na Pwani, na wote walifanyiwa mtihani uleule uliotungwa Uingereza. Kiingereza kilikuwa kipimo cha akili, ilhali Kikamba na Kiswahili vilibaki nje ya lango.

Baada ya Alliance alikwenda Makerere. Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, yafaa kukumbuka kwamba katika miaka ya 1940 Makerere ndicho chuo cha pekee cha elimu ya juu kwa Waafrika wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1949 kilihusishwa na Chuo Kikuu cha London, na tangu hapo wanafunzi wake waliandaliwa kwa shahada za London. Nafasi chache za chuo kimoja ziligombaniwa na vijana wa nchi nne. Aliyeingia alihesabiwa kuwa fahari ya wilaya nzima. Aliyeshindwa alirudi kuwa karani au mwalimu, hata kama alikosa kwa alama chache tu.

Makerere ya wakati huo haikufundisha sheria. Kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Aidha, serikali ya kikoloni haikupenda kuwafadhili Waafrika kusomea taaluma hiyo, maana mwanasheria angeweza kuihoji serikali kwa lugha yake yenyewe. Kwa hiyo Kitili alivuka bahari. Alisoma London, Exeter na Oxford, na akajiunga na Lincoln's Inn, moja ya vyama vinne vya kale vinavyotoa mawakili nchini Uingereza. Huko mwanafunzi hakupimwa kwa mitihani pekee. Alitakiwa pia kuhudhuria chakula cha jioni ukumbini kwa idadi maalumu ya mara, ili azoee adabu za watu wa sheria.

Uhuru ulipowadia, Kenya ilihitaji watu wa aina yake. Alitumika katika wizara kadhaa, mwaka 1964 akawa Wakili Mkuu wa Serikali, na mwaka 1968 Rais Jomo Kenyatta akamteua kuwa Jaji Mkuu. Hakuwa ametimiza miaka 40. Kiti kilichokaliwa na Waingereza tangu mwanzo wa ukoloni sasa kilikaliwa na mwana wa Kitui.

Lakini siasa ni mtihani usio na silabasi. Mwaka 1971 watu kadhaa walishtakiwa kwa njama ya kuipindua serikali, na katika kesi hiyo jina la Jaji Mkuu likatajwa. Meja Jenerali Joseph Ndolo, mkuu wa majeshi na Mkamba mwenzake, alijiuzulu. Kitili naye akajiuzulu mwaka huohuo. Hakushtakiwa, kwa hiyo hakupata nafasi ya kujitetea mbele ya mahakama aliyoiongoza. Nafasi yake ilichukuliwa na Mwingereza, James Wicks, na ikawa ni mwaka 1997 ndipo Mwafrika mwingine mzaliwa wa Kenya, Zaccheus Chesoni, alipokikalia kiti hicho.

Kitili hakuitupa jamii yake. Mkewe, Nyiva Mwendwa, alichaguliwa bungeni mwaka 1974, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini Kenya. Kitili mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Kitui Magharibi mwaka 1984, lakini mwaka uliofuata alifariki katika ajali ya barabarani.

Leo kijana wa Kitui au Makueni anaweza kusoma hadi chuo kikuu bila kuvuka mpaka wa kaunti yake. Lango limepanuka, ingawa ukame na karo bado vinachekecha kimyakimya. Maisha ya Kitili Mwendwa yanafunza kwamba mtihani waweza kumfikisha mtu kileleni, ila hauwezi kumhakikishia kubaki huko. Yanakumbusha pia kuwa nyuma ya kila jina lililofaulu yapo majina mengi ambayo hayakuandikwa popote. Mcheza kwao hutuzwa. Na tuzo bora kwa msomi kama huyo ni jamii kuhakikisha kuwa mtoto wa mchungaji naye anafika kwenye chumba cha mtihani.