Bushiri wa Pangani na Vita vya Baruti

1. Mtu wa Pangani

Ndugu msomaji, kutoka Mabawa mpaka Pangani si mbali. Ni kama kilomita 50. Pangani ni mji wa zamani. Umekaa pale ambapo Mto Pangani unaingia baharini. Katika mji huo, tarehe 15 Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Bushiri bin Salim. Wengine humwita Abushiri.

Pengine umelisikia jina lake. Pengine watoto wako wamelisoma shuleni. Katika somo hili utasoma maisha yake. Utasoma pia habari za gobori na risasi. Bila kuzijua habari hizo, ni vigumu kuelewa kwa nini mtu shujaa, mwenye watu wengi nyuma yake, alishindwa.

2. Maisha yake kabla ya vita

Baba yake Bushiri alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Harthi. Mama yake alikuwa Mworomo. Ukoo wa Harthi ulikuwa na ugomvi wa siku nyingi na masultani wa Unguja. Bushiri naye hakupenda kutawaliwa na Sultani.

Alipokuwa kijana alikwenda bara na misafara ya biashara. Huko alipigana upande wa Waarabu wa Tabora katika vita vyao na Mtemi Mirambo. Hivyo alijua vita na alijua bunduki.

Baadaye alirudi pwani akawa na shamba la miwa karibu na Pangani. Tuseme kweli: kazi ya shamba hilo ilifanywa na watumwa. Bushiri alikuwa shujaa, lakini hakuwa mtu asiye na kosa. Historia nzuri hueleza yote mawili.

3. Bendera ya Wajerumani

Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia sahihi mkataba na kampuni ya Wajerumani. Mkataba huo uliipa kampuni haki ya kutawala pwani na kutoza ushuru. Watu wa pwani hawakuulizwa.

Mwezi wa Agosti kampuni ilianza kazi. Mkubwa wao pale Pangani aliitwa Emil von Zelewski. Alikuwa mtu wa dharau. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe hata kama liwali hataki. Wanajeshi wa manowari waliletwa kumsaidia. Waliingia msikitini siku za Idi, na mbwa akiwa nao. Watu walikasirika sana.

Wakulima, wavuvi, wapagazi na wenye mashamba walisimama pamoja. Watu wa vijiji vya bara nao waliteremka mjini. Wajerumani walizingirwa, kisha wakaondolewa na kupelekwa Unguja. Bushiri akawa kiongozi wa vita. Moto ukaenea pwani nzima, kutoka Tanga hadi Kilwa na Lindi.

Siku hizo Mjerumani Hans Meyer alikuwa akisafiri katika milima ya Usambara. Watu wa Bushiri walimkamata pamoja na mwenzake, wakawafunga minyororo. Waliachwa baada ya kulipa rupia 10,000. Mwaka uliofuata, 1889, Meyer huyo alifika kilele cha Kilimanjaro.

4. Gobori na kasoro zake

Sasa tutazame silaha. Bunduki zilikuwa nyingi pwani. Mwaka 1888 ilikadiriwa kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Watu wachache wa Bushiri walikuwa na bunduki mpya. Wengi walikuwa na magobori.

Labda wewe umewahi kuliona gobori la babu. Unajua linavyotumika. Baruti humiminwa kwenye mdomo wa mtutu. Kisha hutiwa kitambaa au nyuzi, halafu risasi ya duara. Vyote hushindiliwa kwa mdeki. Mwisho huwekwa fataki, au baruti kidogo ya kuwashia. Hapo ndipo mtu analenga.

Gobori lina kasoro nne.

Kwanza, baruti hupimwa kwa kukisia. Leo imezidi, kesho imepungua. Ikizidi, risasi hupita juu. Ikipungua, risasi huanguka njiani.

Pili, risasi ni ndogo kuliko tundu la mtutu, ili iingie kwa urahisi. Kwa hiyo hugongagonga ndani ya mtutu inapotoka. Hakuna ajuaye itaelekea wapi. Adui akiwa mbali, kumpata ni bahati.

Tatu, mvua na umande huharibu baruti. Vita haingoji jua litoke.

Nne, kushindilia kunachukua muda. Mpiga gobori akisimama kushindilia, adui anamwona.

5. Risasi yenye ganda

Wakati huo mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa wamepata njia nyingine. Mwaka 1845 Mfaransa mmoja, Louis-Nicolas Flobert, alitengeneza risasi ndogo yenye kiganda cha madini. Dawa ya kuwashia ilikuwa humo humo ndani ya kiganda. Mwaka 1857 kiwanda cha Smith & Wesson cha Marekani kilitoa risasi ndogo ya namna hiyo. Dawa yake ya moto ilikaa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Nyundo ya bunduki ikiugonga ukingo huo, moto huwaka.

Risasi hizi ndogo zina shida yake. Ukingo lazima uwe mwembamba ili nyundo iweze kuubonyeza. Ganda jembamba haliwezi kubeba baruti yenye nguvu nyingi. Kwa hiyo majeshi yalichukua ganda nene, lenye dawa ya moto katikati ya kitako. Ndivyo ilivyokuwa risasi ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya Wajerumani.

Lakini ganda likiwa dogo au kubwa, siri ya shabaha ni moja tu: kipimo. Baruti ya kila risasi iwe sawa na ya mwenzake. Uzito wa risasi uwe sawa. Dawa ya moto iwe sawa. Unene wa ukingo uwe sawa. Hata leo wanaoshindana kulenga shabaha kwa risasi ndogo huzipima moja moja. Nzito huziweka peke yake na nyepesi peke yake. Kisha hujaribu aina mbalimbali kwenye karatasi, waone ipi inapiga mahali pamoja kila mara.

Mtutu wa Mauser nao ulikuwa na mifereji ya kuzunguka ndani yake. Risasi iliibana mifereji hiyo, ikatoka ikizunguka kama pia. Kitu kinachozunguka hakiyumbi. Kwa hiyo askari wa Mauser aliweza kumpiga mtu aliye mbali kuliko gobori linavyofika. Kabla mwenye gobori hajamaliza kushindilia, yeye alikuwa ameshapiga mara kadhaa.

6. Bahari yafungwa

Kulikuwa na shida nyingine kubwa kuliko gobori lenyewe. Baruti nyingi ya pwani ilitoka ng'ambo kwa meli. Mwezi wa Desemba 1888 manowari za Wajerumani na Waingereza ziliifunga pwani. Walisema wanazuia biashara ya watumwa na silaha. Silaha na baruti zikawa adimu.

Fikiri, ndugu msomaji. Bushiri alikuwa na watu. Alikuwa na haki ya kuilinda nchi. Lakini nguvu ya bunduki yake ilikuwa katika meli za watu wengine. Meli zikizuiwa, gobori ni fimbo tu.

7. Kushindwa kwa Bushiri

Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann. Alikuja mwaka 1889 na askari Wasudani waliochukuliwa Misri na Washangani kutoka Msumbiji. Alikuja pia na mizinga. Tazama jambo la kuhuzunisha: Waafrika waliletwa kuwapiga Waafrika wenzao.

Bushiri alikuwa amejenga boma la magogo karibu na Bagamoyo. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann alilishambulia. Mizinga ilianza, kisha askari wakaingia. Watu wa Bushiri zaidi ya 100 waliuawa. Bushiri mwenyewe alitoroka.

Hakukata tamaa. Mwezi wa Juni alikiteketeza kituo cha kampuni kule Mpwapwa. Mwezi wa Julai Wajerumani waliteka Pangani na Tanga. Bushiri akatafuta wapiganaji wengine bara, akarudi kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba alishindwa tena.

Sasa alibaki na watu wachache. Alitangatanga akielekea upande wa Pangani. Wajerumani walikuwa wametangaza zawadi kwa atakayemtoa. Jumbe mmoja alimkamata na kumtoa kwao. Akanyongwa katika mji wake mwenyewe.

8. Tunajifunza nini?

Je, bunduki ndiyo iliyoamua kila kitu? Hapana. Yule Zelewski wa Pangani aliongoza jeshi kwenda Uhehe mwaka 1891. Tarehe 17 Agosti Wahehe wa Mtwa Mkwawa walimvizia pale Lugalo. Walikuwa na mikuki. Askari wengi wa Zelewski hawakupata hata nafasi ya kupiga risasi. Zelewski aliuawa. Risasi nzuri haimsaidii mtu asiyekuwa macho.

Bushiri hakukosa ushujaa. Watu wake walikosa vitu viwili. Walikosa baruti yao wenyewe, na walikosa kipimo. Kukisia kulishindana na kupima, na kupima kukashinda.

Sisi leo hatuko vitani. Lakini kukisia bado kunatuumiza. Mama akikisia dawa ya mtoto, mtoto anaweza kufa. Mkulima akikisia dawa ya wadudu, anaunguza mimea yake. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa na kwenye mfuko. Wewe sasa unaweza kukisoma. Basi kisome kabla ya kumimina. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kibaba chenyewe ukijue.

Maneno mapya

mdeki: fimbo ya kushindilia baruti katika gobori
fataki: kifuniko kidogo chenye dawa ya kuwasha baruti
mtutu: mwanzi wa bunduki, ambamo risasi hupita
manowari: meli ya vita

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini watu wa Pangani waliikataa bendera ya kampuni?
2. Taja kasoro nne za gobori.
3. Kufungwa kwa pwani kuliwadhuru vipi watu wa Bushiri?
4. Wahehe walishinda pale Lugalo kwa njia gani?
5. Nyumbani kwako kuna vitu gani vyenye kipimo kilichoandikwa? Leta kimoja darasani, ukisome mbele ya wenzako.