Joseph Paxton: Mtoto wa mkulima aliyeivisha ndizi kwenye baridi ya Uingereza

Mkulima anayepanda migomba ya aina ya Williams au Grand Nain huenda hajui kwamba ndizi hizo ziko katika kundi liitwalo Cavendish, na kwamba jina hilo limetoka kwenye bustani ya tajiri mmoja wa Uingereza. Aliyekuza mgomba uliolipa kundi hilo jina lake aliitwa Joseph Paxton. Maisha yake yana mengi ya kumfundisha mkulima na mfanyabiashara mdogo, hasa juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisahau: gharama za kuendesha mradi baada ya kuujenga.

Paxton alizaliwa mwaka 1803 katika kijiji cha Milton Bryan, mkoa wa Bedfordshire. Alikuwa mtoto wa kiume wa saba katika familia ya wakulima, hivyo hakuwa na shamba la kutegemea. Aliingia kazi ya bustani angali kijana, na mwaka 1823 akapata kibarua katika bustani ya Chama cha Kilimo cha Bustani huko Chiswick, karibu na London. Ili akubaliwe, alijiongezea umri wa miaka miwili.

Bustani hiyo ilipakana na nyumba ya William Cavendish, Duke wa sita wa Devonshire, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi hiyo. Duke alizoea kupita pale na kuzungumza na kijana huyo. Mwaka 1826 akampa kazi ya mtunza bustani mkuu katika makazi yake ya Chatsworth, mkoa wa Derbyshire, kwa mshahara wa pauni 70 kwa mwaka na nyumba ya kukaa. Paxton alikuwa na miaka 22.

Alifika Chatsworth saa 10:30 alfajiri. Geti likiwa bado limefungwa, akapanda ukuta, akakagua eneo lote, na ilipotimia saa 12:00 asubuhi akawapangia vibarua kazi. Wakati wa kifungua kinywa akakutana na Sarah Bown, mpwa wa msimamizi wa nyumba. Walioana mwaka 1827. Sarah alikuja na fedha za kwao zipatazo pauni 5,000, kiasi ambacho mumewe angekipata kwa mshahara wa zaidi ya miaka 70. Zaidi ya fedha, alikuwa na kichwa cha biashara. Mumewe aliposafiri, yeye ndiye aliyesimamia kazi na hesabu za Chatsworth.

Mgomba wenyewe ulikuwa mche mdogo wenye asili ya China, uliofika Uingereza kupitia Mauritius. Paxton aliupanda ndani ya nyumba ya vioo, akaupa udongo wenye rutuba, maji ya kutosha na joto la moto wa makaa. Novemba 1835 ukatoa ua, na Mei mwaka uliofuata ulikuwa na ndizi zaidi ya 100. Uliitwa Cavendish kwa heshima ya Duke. Miche yake ilitolewa kwa wengine, na mmisionari John Williams aliipeleka hadi visiwa vya Samoa.

Si kila safari ya kutafuta mimea ilikwenda vizuri. Mwaka 1838 vijana wawili wa bustani, Robert Wallace na Peter Banks, walitumwa Amerika ya Kaskazini, wakafa maji katika mto Columbia. Mapambo ya matajiri yalikuwa na bei ambayo haikuandikwa kwenye daftari la mahesabu.

Kati ya 1836 na 1841, Paxton alijenga nyumba kubwa ya vioo yenye urefu wa mita 84. Ilipashwa joto kwa boila nane, na makaa yake yaliingizwa kwa reli ndogo ya chini ya ardhi ili moshi na uchafu usiwaudhi wageni. Mwaka 1844 akakamilisha chemchemi ya kurusha maji juu kufikia mita 90, kwa matarajio ya ziara ya mfalme Nicholas wa Kwanza wa Urusi. Mfalme hakufika. Chemchemi hiyo haina injini: maji hutoka ziwa lililochimbwa juu ya kilima na kusukumwa na uzito wake yenyewe.

Ujuzi wa vioo ndio uliompeleka London. Mwaka 1850 waandaaji wa maonyesho makubwa ya kimataifa walikosa jengo la kufaa. Paxton akachora jengo la vyuma na vioo, vipande vyake vikiwa vya vipimo vilevile ili vitengenezwe viwandani na kuunganishwa haraka. Maonyesho yalifunguliwa Mei 1, 1851, yakapokea watu zaidi ya milioni sita na kubakiza ziada ya pauni 186,000. Paxton akatunukiwa cheo cha Sir. Alikuwa pia amewekeza katika hisa za reli na kuanzisha majarida ya bustani, na mwaka 1854 akawa mbunge wa Coventry. Alifariki Juni 8, 1865 akiwa tajiri.

Sasa tuangalie hesabu. Duke aliandamwa na madeni, na mwaka 1845 ilimbidi auze shamba lake kubwa la Londesborough. Ile nyumba ya vioo iliendelea kula makaa na vibarua kila mwaka. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta uhaba wa makaa, mimea ikafa, na mwaka 1920 jengo likabomolewa. Lakini chemchemi isiyohitaji mafuta ingalipo, na kuanzia mwaka 1893 nguvu ya maji hayohayo ilitumika kuzalisha umeme wa nyumba ya Chatsworth.

Siku hizi wengi wanakopa ili kujenga nyumba za plastiki za kulimia nyanya na pilipili hoho. Kabla ya kuuliza bei ya kujenga, uliza gharama za maji, dawa, plastiki mpya na vibarua kila msimu, na kama soko litazilipa. Duke aliweza kuuza shamba moja akabaki na mengine. Wewe je?

Somo la mwisho ni la mgomba wenyewe. Cavendish ilitawala biashara ya dunia baada ya ugonjwa wa Panama kuangamiza aina ya Gros Michel katikati ya karne ya 20. Lakini aina mpya ya ugonjwa huo inaiua Cavendish pia, na mwaka 2013 ilithibitishwa nchini Msumbiji. Nunua miche safi kutoka kitalu kinachoaminika, usibebe machipukizi na udongo wa shamba usilolijua, na usiweke shamba lote kwenye aina moja ya ndizi.