Ibsen: Alianika siri ya ndoa ya rafiki yake jukwaani

Ukiwahi kuona wapenzi wakitabasamu kwenye picha ya mtandaoni, kisha wakarudi nyumbani kwa matatu moja bila kusemezana, kazi za Henrik Ibsen hazitakupiga chenga. Mzee huyu wa Norway alichukua sebule ya kawaida, mume, mke na watoto, akaiweka jukwaani na kuuliza: humu ndani nani anamdanganya nani?

Alizaliwa Machi 20, 1828, mjini Skien. Babake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, lakini mambo yakaenda segemnege Ibsen akiwa mtoto bado, na familia ikahamia shambani. Kabla hajafika miaka 16 alitumwa Grimstad kufunzwa kazi katika duka la dawa. Huko, akiwa na miaka 18, alizaa na msichana wa kazi aliyemzidi miaka kumi hivi. Alitoa pesa za matunzo kwa miaka mingi, ila mtoto hakumlea. Shika hilo, tutalirudia.

Alifanya kazi ya tamthilia Bergen, akamwoa Suzannah Thoresen mwaka 1858, wakapata mwana mmoja, Sigurd. Mwaka 1864 akaihama Norway, akaishi Italia na Ujerumani kwa miaka 27.

Sasa ingia Laura Kieler, mwandishi kijana na rafiki ya familia. Mumewe aliugua kifua kikuu. Laura akakopa pesa kisiri ampeleke Italia kwenye joto. Mume akapona, deni likabaki. Mwaka 1878 Laura alimtumia Ibsen muswada, akiomba ampigie debe kwa mchapishaji ili apate pesa za kulipa. Ibsen aliona kazi haifai, akakataa, akamshauri amwambie mumewe kila kitu. Laura akaghushi hati ya malipo. Mume alipojua, hakushukuru hata kidogo. Alimwona mhalifu asiyefaa kukaa na watoto, na mama wa watu akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa muda. Baadaye alirudi kwake, kwa ajili ya watoto.

Na Ibsen je? Alikaa chini akaandika.

Desemba 1879, Nyumba ya Mwanasesere ilionyeshwa Copenhagen. Nora amekopa kisiri kuokoa maisha ya mumewe, akaghushi sahihi ya babake. Moyoni anaamini siku siri ikitoka, Torvald atasimama naye. Siri inatoka, Torvald anamfokea kama mwizi. Hati ya deni inaporudishwa, ghafla anataka yaishe, warudi kuwa mke na mume. Nora anagundua amelala miaka minane na mtu asiyemjua. Anatoka, anafunga mlango, anaacha watoto watatu ndani.

Watu walichemka! Ujerumani, mwigizaji mmoja maarufu alikataa kuigiza mama anayeacha watoto. Ibsen akaandika mwisho mwingine ambapo Nora anabaki, ila aliuchukia. Aliona heri auharibu mwenyewe kuliko kuharibiwa na wengine.

Lakini Laura wa kweli hakuwa na mwisho mwingine. Watu walimtambua, wakamwita Nora, na jina hilo lilimuumiza maisha yake yote. Hapo mimi humlaumu Ibsen, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwaka 1884 alitoa Bata Mwitu, na ni kama anajijibu. Safari hii kijana mmoja, Gregers, anaingia kwenye nyumba yenye amani kuhubiri ukweli. Anafichua kuwa mke, Gina, zamani alikuwa msichana wa kazi kwa tajiri, na huenda binti yao Hedvig si wa mumewe. Ndoa haiwi safi kama Gregers alivyotarajia. Hedvig, miaka 14, anajipiga risasi. Ule ushauri wa kusema yote aliompa Laura, sasa anaonyesha unavyoweza kuua. Na msichana wa kazi mwenye mtoto, hadithi hiyo hakuisoma kwa kitabu.

Alirudi Norway mwaka 1891. Tamthilia yake ya mwisho, ya 1899, inahusu mchongaji anayekutana na mwanamke aliyekuwa kielelezo cha sanamu yake maarufu. Mwanamke anamshtaki kwamba alichukua uhai wake akautia kwenye sanamu.

Kiharusi kilimnyamazisha, akafariki Mei 23, 1906, Suzannah akiwa bado mkewe. Laura Kieler aliishi hadi 1932.