Soichiro Honda: Mwanagenzi wa Gereji

Ninyi vijana mlioko madarasani, jina la Honda si geni kwenu. Mmeliona kwenye pikipiki, magari na jenereta. Lakini si wote wanaojua kwamba hilo ni jina la mtu, wala kwamba mtu huyo alianza kazi akiwa na miaka 15, katika gereji ya kutengeneza magari mabovu.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba, 1906, katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi na fundi wa baiskeli. Gari la kwanza lilipopita kijijini, mtoto huyo alilikimbilia kwa nyuma, kisha akainama kunusa mafuta yaliyodondoka barabarani.

Darasani hakung'ara. Taarifa ya maendeleo ilitakiwa kugongwa muhuri wa mzazi, naye akachonga muhuri wake mwenyewe kwa mpira wa pedeli ya baiskeli. Jina la Honda kwa maandishi ya Kijapani halibadiliki likigeuzwa kulia kuwa kushoto, hivyo wa kwake ulipita. Alipowachongea wenzake, majina yao yalitoka kinyume, na ujanja ukafichuka!

Mwaka 1922 alimaliza shule, akaenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai, mali ya Yuzo Sakakibara. Miezi ya mwanzo hakushika spana. Alifagia na kumlea mtoto mchanga wa tajiri wake. Alifikiria kutoroka, lakini akavumilia. Siku moja kazi zilipozidi mikono, aliitwa kusaidia chini ya gari, na ikaonekana kwamba kijana anaweza.

Tarehe 1 Septemba, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliikumba Tokyo na moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Gereji nayo iliungua. Mafundi wengi walirudi makwao, Sakakibara akabaki na vijana wachache sana, Honda akiwa mmoja wao. Tajiri huyo hakukata tamaa. Alichukua magari yaliyoungua, akaanza kuyafufua moja baada ya jingine. Injini zilifunguliwa na fremu zikanyoshwa. Magurudumu ya siku hizo yalikuwa na spoki za mbao, nazo zilikuwa zimegeuka majivu, hivyo ilibidi kuchonga nyingine. Kazi hiyo ngumu iliangukia mikononi mwa kijana wa miaka 16, na hapo ndipo alipoijua gari tangu mfupa hadi ngozi.

Sakakibara alimpa pia nafasi nyingine. Walichukua injini kuukuu ya ndege aina ya Curtiss, wakaifunga kwenye gari la Kimarekani aina ya Mitchell, wakapata gari la mashindano. Novemba 1924 gari hilo lilishinda. Dereva alikuwa Shinichi, mdogo wake Sakakibara, na fundi aliyekaa kando yake alikuwa Honda, aliyetimiza miaka 18 mwezi huohuo. Gari hilo limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la kampuni ya Honda huko Motegi.

Baadaye alitumwa peke yake mji wa Morioka kutengeneza gari la zimamoto. Wenyeji walipomwona mtoto mdogo walimdharau. Alilifungua lote, akalifunga, likafanya kazi, na dharau ikageuka heshima. Mwaka 1928 Sakakibara alimruhusu kufungua tawi la gereji hiyo Hamamatsu, akiwa na miaka 21.

Spana hata hivyo haikumtosheleza. Alipotaka kutengeneza ringi za pistoni, zilivunjika hovyo. Mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye gereji yake, alikwenda kuketi darasani katika chuo cha ufundi pamoja na vijana ili aelewe asili ya vyuma. Mitihani hakuifanya, na mwishowe alifukuzwa, lakini ringi zake zilifaulu.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 1946 alianza kufunga injini ndogo zilizokuwa za mitambo ya redio ya jeshi kwenye baiskeli. Mwaka 1948 aliunda kampuni yake, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 1973. Alifariki tarehe 5 Agosti, 1991. Pamoja na utajiri wote huo, alipoulizwa ni nani aliyemheshimu, alimtaja Sakakibara.

Hapo nawageukia wenzangu tuliomaliza zamani. Wapo kati yetu wenye gereji na karakana, na tunafahamu desturi ilivyo: kijana huosha vipuri kwa mafuta ya taa mwaka mzima, na injini ikifunguliwa huambiwa akalete chai. Gari bovu lililoota majani nyuma ya karakana lingemfaa sana. Akikosea hapo hapati hasara mtu. Akipatia, tumepata fundi.

Nanyi wanafunzi, msidhani hadithi hii inawaruhusu kuacha vitabu. Honda alivikimbia utotoni, kisha ringi za pistoni zikamrudisha darasani. Shikeni vyote viwili, spana na kitabu.