Nebrija: mzee aliyewaandikia wageni sarufi ya Kihispania

Mimi niliyemaliza fomu foo nikikariri sarufi ya Kiingereza kama kasuku, leo nawaletea Antonio de Nebrija.

Alizaliwa Lebrija, kusini mwa Hispania, miaka ya 1440. Akasoma Bologna, Italia, akarudi kwao na nia moja: kung'oa Kilatini kibovu mashuleni. Kitabu chake cha Kilatini cha 1481 kikachapwa tena na tena.

Agosti 1492 akatoa sarufi ya Kihispania chenyewe. Malkia Isabel alishauliza kitu kama hicho kitamfaa nini. Askofu wa Ávila akamjibia Nebrija, kwamba watu watakaotekwa itabidi wajifunze lugha ya mtekaji. Hapo sijapenda, jamani.

Ila sehemu ya tano ya kitabu, ya mwisho, imenigusa. Kaiandika kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kihispania: herufi na silabi kwanza, halafu majina, halafu vitenzi vinavyobadilika. Yaani alishaona kuwa mgeni haanzii pale anapoanzia mwenyeji, jambo ambalo wataalamu wa lugha ya pili wanalichimba mpaka leo.

Cha ajabu, kitabu hicho hakikuchapwa tena mpaka karne ya 18! Na 1513, mzee tayari, akaomba nafasi ya kufundisha Salamanca, wakampa kijana. Kardinali Cisneros ndiye akamchukua Alcalá, akafundisha huko mpaka alipofariki Julai 1522.

Mliojifunza lugha ya kigeni ukubwani, mlianzia wapi? Tupieni maoni.