Célestin Freinet: Mwalimu aliyekosa pumzi akawapa watoto wino

MWALIMU wa shule ya msingi huitegemea sauti yake kama seremala anavyolitegemea randa lake. Célestin Freinet, mmoja wa walimu waliotikisa elimu ya watoto wadogo barani Ulaya katika karne ya 20, aliianza kazi hiyo akiwa na pafu lililojeruhiwa kwa risasi, na kila alipozungumza kwa muda mrefu mbele ya darasa pumzi zilimwishia.

Alizaliwa Oktoba 15, 1896 katika familia ya wakulima kijijini Gars, kwenye milima ya kusini mashariki mwa Ufaransa. Mwaka 1912 alijiunga na chuo cha ualimu mjini Nice, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilimtoa darasani kabla hajayakamilisha masomo yake kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1917, katika mapigano ya Chemin des Dames, alipigwa risasi ya kifua. Miaka iliyofuata aliimalizia katika hospitali na nyumba za kupumzishia majeruhi, na wengi wangeelewa kama angeomba kazi nyepesi ya ofisini.

Badala yake, Januari 1920 aliripoti katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup. Chumba kilijaa vumbi la chaki, watoto walikuwa wengi, na utaratibu wa kufundisha kusoma ulikuwa ule ule wa siku zote: mwalimu anasoma silabi ubaoni, darasa zima linaitikia kwa wimbo, kisha kila mmoja anafungua kitabu chenye sentensi zisizomhusu mtu yeyote. Wasomaji waliopitia madarasa ya namna hiyo wanajua jinsi mtoto anavyoweza kuimba ukurasa mzima kwa kichwa bila kutambua neno hata moja. Utaratibu huo ulimhitaji mwalimu mwenye kifua imara, na Freinet hakuwa naye.

Alianza kuwatoa watoto nje. Walitembea mashambani, wakamtazama mfumaji akifanya kazi, wakaufuata mto, na waliporudi darasani waliandika pamoja ubaoni yale waliyoyaona. Watoto walisoma maandishi hayo kwa hamu kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba jioni ubao ulifutwa, na kesho yake kitabu kile kile cha silabi kikafunguliwa tena.

Mwaka 1924 Freinet alinunua mashine ndogo ya kuchapa kwa mkono. Hapo ndipo kisa chake hasa kinapoanzia. Watoto waliochukia kusoma walianza kuokota herufi za risasi moja baada ya nyingine, kuzipanga kinyumenyume, kuzipaka wino na kukandamiza karatasi. Kosa la herufi moja lilionekana mara moja, tena kwenye nakala zote, na aliyelifanya alilirekebisha mwenyewe bila kuchapwa fimbo. Habari zilizochapwa ziliandikwa na watoto wenyewe, zikasomwa mbele ya wenzao na kupigiwa kura. Mbio za konokono zilizofanywa na wavulana darasani zilikuwa na thamani kuliko ukurasa wowote wa kitabu kilicholetwa kutoka Paris.

Karatasi hizo zilihitaji wasomaji, na walipatikana mbali. René Daniel, mwalimu wa Trégunc katika pwani ya Brittany, upande wa pili wa nchi, alikubali shule hizo mbili ziandikiane. Watoto wa milimani wakawa wanasoma habari za bahari zilizoandikwa na wenzao wa umri wao, nao wakalazimika kuandika kwa uangalifu ili waeleweke na watu wasiowahi kukiona kijiji chao. Walimu wengine walijiunga, na katika miaka michache vuguvugu likaenea hadi nje ya Ufaransa.

Mwaka 1926 Freinet alimwoa Élise, mwalimu na msanii, ambaye mchango wake katika kazi hiyo mara nyingi hutajwa kwa uchache kuliko anavyostahili. Mwaka 1928 walihamia Saint-Paul, mji mdogo uliokuwa umeanza kuvutia wasanii na watalii, lakini shule yake ya watoto wa wakulima ilikuwa katika hali mbaya ya usafi. Freinet aliidai manispaa marekebisho, akaambulia maadui. Ikumbukwe pia kwamba alikuwa mkomunisti asiyejificha.

Desemba 1932 mabango yalibandikwa mjini yakinukuu maandishi ya mtoto mmoja aliyeota kwamba anamuua meya. Ilikuwa ndoto, lakini ilikuwa imechapwa. Magazeti ya mrengo wa kulia mjini Paris yaliidaka, na Aprili 1933 umati uliizingira shule ukitaka mwalimu aondoke. Freinet alitoka akiwa na bastola mkononi kuilinda. Ni vigumu kumsifu kwa kitendo hicho mbele ya watoto, ingawa hofu yake inaeleweka. Serikali ilimhamisha, naye akakataa uhamisho huo na kuchukua likizo.

Kwa msaada wa wenzake alijenga shule yake mwenyewe kwenye kilima karibu na Vence na kuifungua mwaka 1935. Ilipokea watoto wa maskini na, baadaye, watoto waliokimbia vita vya Hispania. Mwaka 1940 alikamatwa kwa ajili ya siasa zake na kupelekwa kambini, ambako afya yake ilizidi kudhoofika. Huko ndiko alikoanza kuandika baadhi ya vitabu vyake vikubwa. Aliachiwa mwaka 1941, na baadaye akajiunga na wapinzani wa Wajerumani katika milima ya Alps.

Baada ya vita aliirejesha shule ya Vence na mwaka 1947 akaanzisha taasisi ya walimu waliofuata njia yake. Katika miaka ya 1950 wakomunisti wenzake wa zamani walimshambulia hadharani, kama mrengo wa kulia ulivyofanya miaka 20 kabla. Yeye aliendelea kutetea wazo kwamba mtoto anaweza kujifunza kusoma kama alivyojifunza kusema, kwa kujaribu na kukosea akiwa na jambo la kumwambia mtu. Aliufuatilia mwendo huo kwa miaka kwa binti yake mwenyewe, tangu mikwaruzo ya kwanza ya penseli hadi barua kamili.

Freinet alifariki Oktoba 8, 1966 mjini Vence, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 70, akazikwa Gars. Élise alimfuata mwaka 1983. Shule yao ilinunuliwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1991, serikali ile ile iliyokuwa imemng'oa Saint-Paul.